Ombi la Kumwandikisha Mke Wangu Kuwa Mbegu

Newtown, Birmingham
Aprili 2006

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Vibali,

Pokea salamu nyingi, na heshima zote za mkimbizi mwenye karatasi zake sawa. Mimi ni Séverin, mkulima wa muhogo kutoka Fizi, Kongo. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nataka kulima bangi ya viwandani, ile ya nyuzi na mafuta, isiyolevya hata panya. Nimekodi shamba nje ya mji, na ofisi yako imenipa kibali upesi. Aksanti sana. Ofisi hiyohiyo imemnyima mke wangu Annonciata viza ya kutoka kambini Kigoma aje kwangu. Kwa hiyo nilipokaa kuchagua mbegu, nilishikwa na wivu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbegu ya kwanza niliyoonyeshwa imetoka Ufaransa. Ina cheti cha ukoo wake, mkakisoma na kukiamini. Mke wangu ana cheti cha ndoa chenye mhuri wa kanisa, mkasema mhuri umefifia. Mheshimiwa, cheti hicho kilibebwa kichwani, kwenye mvua, tukikimbia risasi. Mhuri gani usingefifia?

2. Kwa kuwa ndiyo kwanza naanza, muuza mbegu amenishauri nichukue aina ambayo dume na jike wako kwenye mmea mmoja. Jamani! Hao wanakaa shina moja, na hakuna aliyewadai picha za harusi wala kuwauliza walionana wapi mara ya kwanza. Kuna aina nyingine, dume mbali na jike mbali, na dume hunyauka mapema. Hiyo nimeikataa. Dume huyo namwona kila asubuhi kwenye kioo.

3. Aina ya tatu ni ndefu, na mabua yake hupondwapondwa yakawa matandiko ya farasi. Farasi wa nchi hii wanalala pakavu, panaponukia vizuri. Mke wangu analala kwenye mkeka, na mvua ikinyesha anakesha amekaa.

4. Mbegu ina msimu wake. Mnalijua hilo, ndiyo maana mlifanya haraka. Na mtoto je? Binti yetu Sagesse nilikuja naye mgongoni. Leo anamjibu mama yake kwenye simu kwa Kiingereza, na mama anaitikia ndiyo, ndiyo, wala hajui ameulizwa nini. Inaniuma sana. Msiniambie subira yavuta heri.

Basi naomba Annonciata aandikishwe kuwa mbegu. Sifa anazo. Hajawahi kumlevya mtu, ila mimi. Ameota kwenye udongo mbaya kuliko wenu. Mkitaka kumpima maabara, mpimeni, lakini mumpimie hapa Birmingham.

Wasalimie makarani wako wote, na mlinzi wa mlangoni ambaye sasa ananiita kwa jina. Pasta Néhémie na kanisa zima wanakusalimu. Wamekubali kuliombea shamba, baada ya kila mmoja kunusa mbegu.

Wako mwenye kungoja,
Séverin, baba Sagesse

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, muuza mbegu amepiga simu. Mbegu zangu zimezuiwa bandarini; eti mhuri wa cheti cha ukoo wake umefifia. Tafadhali futa ombi langu lote. Nilipomweleza mama Sagesse alicheka, akasema basi, aandikwe farasi.