Msiba wa Maabara

Jamani, leo nimejianika mchana kweupe.

Asubuhi kanipigia simu Eliza, mjukuu wangu anayefanya kazi maabara hapa Ifakara. (Ndiyo, yule msomi. Nimeshawaambia? Nawaambia tena.) Analia! "Bibi, huku kazini ni msiba. Miezi minne yangu yote imekwenda." Simu ikakatika.

Kwetu msiba hauulizwi kwenye simu. Nani kafa, utajua ukifika. Nikajifunga kanga, nikawapitia wenzangu wawili wa jumuiya, tukapanda bajaji na mchele, kuni na sufuria kubwa.

Getini nikaangua kilio. (Mnanijua nikilia.) Wenzangu wakapokea. Mlinzi akavua kofia.

"Poleni, mama zangu. Kafariki nani?"

"Sijui, mwanangu! Ndiyo tumekuja kuuliza!"

Naye akaanza kufuta macho. Watu wa makoti meupe wakatoka mbio, bosi mbele, Eliza nyuma, macho mekundu.

"Bibi! Hajafa mtu!"

"Sasa kafa nani?"

"Chembe za panya."

Nikashusha mikono kichwani. Akanieleza. Kuna kapanya kanene ka Uchina, mkia mfupi. Zamani wataalamu walichukua chembe hai kwenye kizazi chake. Mwenyewe kafa siku nyingi, chembe zinaendelea kuzaliana kwenye vichupa, na humo wanatengenezea dawa za watu. Eliza alikuwa anazilisha hata Jumapili. Jana ukungu uliingia vichupani, zikafa zote.

Mama Rehema, mmoja wa wenzangu, akaninong'oneza, "Sasa tuendelee kulia au tuache?"

Mimi! Niliyetega panya wa ghalani tangu nimeolewa, leo nalilia kizazi cha panya mbele ya bosi! Nikaogopa nimemharibia mtoto kazi. "Baba, nisamehe, tunaondoka."

"Shikamoo, mama. Msiondoke," bosi akasema. "Analia tangu asubuhi, na sisi hatujui tumwambie nini."

Akaenda mwenyewe kututafutia mawe ya mafiga.

Tukapika nyuma ya jengo. Eliza akalaza kichwa mapajani kwangu na koti lake jeupe, akacheka mpaka kamasi zikamtoka. Nikamfuta kwa kanga. Anasema kuna chembe nyingine wamezihifadhi kwenye barafu. Kesho anaanza upya.

Anayetaka kunicheka naye asubiri kesho. Leo bado mimi ni mfiwa.