Mikono Miwili Juu Mkutanoni

Leo nimejiaibisha mbele ya kijiji kizima. Na kijiji kikanipigia makofi.

Ngojeni nieleze. Naandika polepole, mnanijua, kwa hiyo msianze kuuliza "halafu?" kabla sijafika. Na aliye karibu na mama yangu asimsomee.

Ninyi wa humu kundini mnadhani mimi ni mtu wa maneno. Jana tu nilibishana na dada Jenifa wa Runazi mpaka akazima data. Nilimwambia mwanamuziki wa kweli ni yule anayejirekodi mwenyewe chumbani kwake, ukisikiliza vizuri unasikia na kuku wa jirani. Yeye akasema huo si muziki, ni kelele za mtu aliyekosa nauli ya kwenda studio. Nikamjibu aya tatu! Halafu nikahamia kwenye mpira wa kikapu, nikasema kutupa kutoka mbali ni uvivu, mwanamume anaingia ndani apambane. Nikamalizia na hali ya nchi. Vipaumbele, niliandika. Wananchi washirikishwe. Mkanisifu sana.

Sasa niwaambie ukweli. Ana kwa ana mimi siongei. Dukani nanyoosha kidole. Kanisani salamu ya amani natoa kwa macho. (Nimesoma mpaka darasa la saba, na kila mwalimu aliponiuliza swali niliomba ruhusa ya kwenda chooni. Walidhani naumwa tumbo miaka yote.)

Basi, leo kulikuwa na mkutano wa kijiji, hapa kwetu Nyakisasa. Nilikwenda kwa jambo moja tu: kiwanja cha kikapu.

Sisi vijana tunachezea kwenye njia ya ng'ombe. Goli letu ni rimu ya baiskeli iliyopigiliwa kwenye mkaratusi. Ng'ombe wakipita, mchezo unasimama, na wakishapita unadundisha mpira kwa uangalifu. Rafiki yangu Ezekieli ndiye kichwa chetu. Kwao ni watu wa asili ya Burundi, na baba yake ndiye aliyetufundisha mchezo huu. Ezekieli aliomba kijiji kitupe kile kipande cha ardhi kilicho wazi nyuma ya ofisi. Pesa hatukuomba hata kidogo. Kulima na kusawazisha ni mikono yetu. Nguzo mbili za chuma tumeahidiwa na fundi mmoja anayehama. Lakini fundi alisema wazi: kijiji kisipotoa ardhi leo, nguzo anampa mtu wa kujengea zizi.

Ezekieli alikuja na shati lake la kanisani. Alinivuta pembeni.

"Deo, wewe kaa tu. Nikisema vijana wote tunakitaka, inua mkono."

"Sitaongea?"

"Nani amekuomba uongee? Mkono tu."

"Mkono nitainua," nikamwambia.

(Niliinua. Subirini.)

Jambo letu lilikuwa la mwisho. Kwanza waliongea habari za mbuzi wanaokula maharage ya watu. Hapo tu jua lilipanda. Halafu ikaja habari ya viti. Mwenyekiti alitaka kila kaya ichange ili ofisi inunuliwe viti vipya. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, juu ya rundo la matofali, na habari ya viti ilinichosha. Nikavaa kofia ya sweta. Nikapitisha hedifoni chini ya kofia. Nilikuwa na mchezo wa kikapu nilioupakua kwa bando la usiku, sijauangalia. Nikasema naangalia kidogo tu, viti vikiisha nazima.

Jamani, ule mchezo ulikuwa mtamu.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mtendaji wa kijiji alikuwa na safari, mwenyekiti akaahirisha viti na kulileta jambo letu mbele. Ezekieli akasimama akaongea. Nimeambiwa aliongea vizuri sana. Baada yake akasimama mzee Sebastiani, mwenye mbuzi wengi kuliko wote, akasema pale nyuma ya ofisi mbuzi wake wanakula majani tangu enzi, na mpira haushibishi mtu. Lakini watu wengi walikuwa wanaelekea upande wetu. Mwenyekiti akauliza, kwa kukamilisha tu:

"Kuna anayepinga?"

Saa hiyohiyo, kwenye simu yangu, mchezaji mmoja mfupi akautupa mpira kutoka katikati ya uwanja. Ule uvivu ninaoupinga kila siku humu. Ukaenda, ukaenda, ukazama bila kugusa chuma!

"NDIYOOOO!"

Nilisimama juu ya matofali. Mikono yote miwili juu.



Hedifoni ikadondoka. Vichwa vyote vilikuwa vimenigeukia, hata vya watoto mgongoni.

"Naam, kijana wa mama Deo," mwenyekiti akasema. "Njoo mbele."

"Mimi?"

"Wenzako huinua mkono mmoja, wewe umeinua miwili. Njoo, njoo."

Wakacheka. Nikashuka kwenye matofali, tofali moja likanifuata. Njia ya kwenda mbele ilikuwa ndefu kuliko kwenda Ngara mjini. Nikapewa kipaza sauti. Sikujua kwamba nimeulizwa kuhusu kiwanja. Nilijua bado tuko kwenye viti. Nikajiambia: Deo, ni viti. Na viti kweli huvitaki. Sema neno moja ukakae.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahabaaa!"

Halafu nikatafuta neno la kufuatia. Nikakuta yale ninayoandika humu kundini.

"Mimi naona... hiki kitu si kipaumbele."

"Ongea, mwanangu!" mzee Sebastiani akapaza sauti.

"Kisima kinatoa matone, sisi tunafikiria hiki kitu!"

Makofi. Jamani, makofi! Ninyi mliozoea kupigiwa makofi hamwezi kuelewa. Yanapasha mwili joto kama uji wa asubuhi ya baridi. Nikasogeza kipaza sauti karibu. (Hapo ndipo nilipaswa kukaa.)

"Babu zetu waliishi bila hiki kitu, na hakuna aliyekufa!"

Makofi.

"Haya ni mambo ya mjini!"

Vigelegele upande wa kina mama.

"Na wanaokitaka ni watu wachache tu, wanaopenda kuonekana!"

Baada ya hilo nikamwangalia mwenyekiti kwa woga, maana mwenye hoja ya viti ni yeye. Nilitegemea amekasirika. Mwenyekiti alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama mtu anayesikiliza mahubiri. Nikashangaa. Nikaangalia pembeni yake. Ezekieli alikuwa amesimama pale mezani na shati lake la kanisani. Sasa huyu amesimama kwenye habari ya viti kufanya nini? Alikuwa ananitazama kama mtu aliyeng'atwa na mbwa anayemlisha mwenyewe.

Mwenyekiti akachukua kipaza sauti.

"Wananchi, mmesikia wenyewe. Hata kijana mwenzao anakataa kiwanja cha kikapu."

Kikapu.

Damu yote ilishuka mpaka kwenye ndala.

"Hapana, mwenyekiti... mimi nilidhani... viti..."

Sauti ilitoka kama ya mbuzi aliyezaliwa jana. Mwenyekiti akaniwekea mkono begani.

"Usiogope, kijana. Umeongea vizuri. Kuna mtu amekutisha?"

"Hapana! Nafuta... nafuta..."

"Mnaona anavyotetemeka?" Akageuka kwa kina Ezekieli. "Atakayemgusa huyu mtoto kwa sababu ya maoni yake, ataonana na mimi!"

Makofi tena. Haya hayakunipasha joto.

"Wanaomuunga mkono?"

Mikono ikainuka kama shamba la mahindi. Mstari wa mbele kulikuwa na mama yangu, machozi yanamtoka, anampigapiga mwenzake paja: "Ni wangu huyo! Tangu nimzae hajaongea mbele za watu! Leo ameongea!" Mama hajui kikapu ni nini. Angeunga mkono hata ningesema tuhamie Kongo.

"Wasiomuunga mkono?"

Ezekieli akainua. Vijana wenzangu wakainua. Na mimi nikainua.

"Wewe shusha," mwenyekiti akaniambia. "Umeshapiga kura kwa mdomo."

Ikaamuliwa ardhi ibaki kama ilivyo, mbuzi waendelee kula majani na kina mama waanike muhogo. Halafu wakarudi kwenye viti. Watu walikuwa wamechoka na njaa imewashika. Viti vikapita bila mtu hata mmoja kupinga! Mimi nilikuwepo. Mdomo sikuwa nao.

Mkutano ulipoisha Ezekieli alinikuta kwenye matofali yangu nakunja waya wa hedifoni. Nilijua nitapigwa. Ningeshukuru.

"Deo."

"Ee."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

Nikatamani kudanganya. Sikupata uongo wa haraka.

"Kikapu."

"Nini?"

"Mpira wa kikapu."

Akakaa chini, taratibu, shati la kanisani juu ya vumbi. Akaangalia mbuzi wa mzee Sebastiani, walikuwa wameshaingia pale nyuma ya ofisi.

"'Wanaopenda kuonekana,'" akasema.

"Nilikuwa namsema mwenyekiti."

"Baba yangu alikuwa pale, Deo. Amesikia kijana aliyemfundisha kushika mpira akisema hivyo."

Nimeandika na kufuta hapa mara nyingi, ndiyo maana mmeona "anaandika, anaandika" na hakuna kilichofika.

Nyumbani ndiko kumeharibika zaidi. Mama amepika wali, na leo si sikukuu. Majirani wanaingia kunipa mkono. Mzee Sebastiani amekuja na mkungu wa ndizi, akamwambia mama huyu mtoto uchaguzi wa kitongoji ukifika tumsimamishe. Mama akasema Mungu ni mwema. Mimi nipo nyuma ya banda la kuku na simu, nasikia jina langu likisifiwa ndani kwa kosa ambalo naona aibu kulitamka.

Sasa hivi Ezekieli ametuma ujumbe. Amempigia fundi akamsihi, na fundi amekubali kuzishikilia nguzo mpaka kesho mchana. Anasema: "Asubuhi tunakwenda kwa mwenyekiti, kisha kwa mzee Sebastiani, kisha kwa baba. Kote huko utaongea wewe."

Nimeandika "sawa". Nikafuta. Nikaandika tena, nikatuma kabla kidole hakijabadilisha mawazo.

Kwa hiyo yeyote mwenye maneno mazuri ya kumwambia mwenyekiti anitumie leo, mafupi, nikariri. Da Jenifa, hata wewe. Na kucheka chekeni, najua siwezi kuwazuia, ila chekeni kwa maandishi. Sauti za watu kwa leo zimenitosha.