Nyati wa Pembe Tatu

Jumanne, 8 Julai 2025

Siku kubwa! Nimeona video kwenye simu ya mteja wa kibanda changu cha kuchaji. (Niliichaji tu, sikuipekua. Video ilijifungua yenyewe.) Ati sarafu iliyotoka kiwandani na kosa inauzwa mamilioni! Jioni Pudensiana muuza chapati akanirudishia chenji. Sarafu ya mia tano, na nyati wake ana pembe tatu! Nimehesabu mara nne. Tatu.

Nilimwonyesha mke wangu, Restituta. Akaniita Baba Providence, akasema mahindi uani hayajapukuchuliwa. Basi.

Jumatano, 9 Julai

Nilikusudia kufanya siri. Kwenye mazoezi ya kwaya, wakati wa matangazo, nikajikuta nimesimama nikiahidi kinanda cha umeme. Vigelegele! Mwalimu wa kwaya alinishika mkono mpaka ukauma.

Ndipo Thadei fundi cherehani, adui yangu tangu aninyang'anye sehemu ya kuimba peke yangu, akatoa mfukoni sarafu ya mia mbili, nyekundu kama udongo wa kwetu Nsemulwa. Ataleta vinanda viwili, alisema. Nikamwambia hilo ni doa. Akaniambia pembe yangu ni uchafu. Wivu mtupu!

Alhamisi, 10 Julai

Nimedamkia kwa Joséline sonara, anayepima dhahabu ya wachimbaji wadogo. Ana kioo cha kukuzia. Thadei naye alikuwa njiani. Tulianza kwa kutembea, tukamaliza kwa kukimbia. Nimeshinda kwa goti tu, lilitangulia mlangoni.

Joséline alitazama nyati wangu muda mrefu. Akaigusa pembe ya tatu kwa ukucha. Ikadondoka! Akainusa.

"Kaka Evarist," akasema, "hii ni chapati."

Unga uliokauka! Thadei alicheka hadi akashika ukuta. Kisha zamu yake. Sarafu yake iliungua jikoni, labda kwenye mkaa. Nilicheka zaidi, nikakaa chini kabisa.

Joséline akatufundisha bila hasira. Kosa la kiwandani sarafu huzaliwa nalo, kama alama ya kuzaliwa. Mkwaruzo na pigo ni kovu, dunia imeipata baadaye. Doa limekaa juu tu. Niliitikia kwa kichwa kama msomi. Kinanda je? Sikuuliza.

Jumamosi, 12 Julai

Habari imeenea. Foleni kwa Joséline! Mmoja kaleta sarafu iliyokanyagwa na treni, bapa kama jani. Kovu. Mwingine yenye kutu ya kijani. Doa. Mimi nilisimama mlangoni nikiwachuja wateja, maana sasa ni mtaalamu. Niliwaambia kumi na wawili waende nyumbani wakalale.

Wa mwisho Pudensiana, na sarafu ya mia mbili ambayo wateja wote huikataa. Simba amesogea pembeni, mkia haupo, upande mmoja mtupu kama mwezi mwandamo. Nikamwambia mama, hiyo mbovu, usimchoshe mwenzio. Joséline akapitisha mkono juu ya bega langu, akaichukua. Halafu akaruka! Haijakatwa, haijakwaruzwa, ilipigwa chapa ikiwa imekaa upande. Imezaliwa hivyo! Akamkataza kabisa kuiosha, isipoteze thamani.

Nilijifanya kufunga kamba za viatu. Nilivaa ndala.

Jumapili, 20 Julai

Mtu wa Mwanza anayekusanya sarafu ameinunua. Si mamilioni. Pudensiana kapata kikaango kipya kipana na, Mungu ambariki, kaiongezea kwaya ngoma kubwa. Alisema kwa sauti kwamba bila Evarist asingejua kitu. Kanisa zima likanigeukia. Nilikaribia kulia!

Baada ya misa chapati za bure. Tulicheza mpaka vumbi likapanda. Thadei alinikumbatia. Tulisahau uadui kama dakika kumi.

Jumatano, 23 Julai

NIMETAJIRIKA! Sokoni kuna mtu anauza ndala mpya kwa bei ya kutupa. Dazeni mbili, zote za mguu wa kushoto! Hazina mkwaruzo, hazina doa. Nimezikagua moja moja kwa kioo nilichoazima kwa Joséline. Zimezaliwa hivyo! Nimebeba zote, na simu yangu ya ziada nimemwachia yule bwana badala ya pesa.

Restituta ameuliza nani atazivaa. Nikamwambia hazina haivaliwi. Amerudi kwenye mahindi.

Jioni kaja Thadei, anahema. Naye kanunua dazeni mbili kwa mtu yuleyule, za kulia tupu. Maskini, kapigwa! Ati tuziunganishe, tuziuze jozi jozi. Tuziharibu? Nimemfungia mlango. Anafikiri mimi mjinga.