Kiti cha Dripu

Jumatatu, 3 Machi

Kliniki ya viungo. Muuguzi kaniwekea mambo matatu mezani: vidonge vya kila siku, sindano ya kujichoma nyumbani kila wiki, au dripu ya palepale kliniki kila mwezi. Akasema kwa ugonjwa wangu zote zinafaa, nichague itakayoniridhisha. Mimi! Nichague! Tangu niolewe hata pazia sijachagua. (Alichagua mama mkwe. La zambarau.) Nikadhani ananitega. Nikamuuliza yeye angependa ipi. Akacheka, akasema vidole vinavyouma si vyake.

Ninachotaka nakijua: kumfunga Chiriku wangu vifungo vya gauni. Ana miaka miwili. Kila asubuhi namsukumia bibi yake amfunge, maana vidole vyangu vinaamka vimekakamaa kama vijiti. Anakwenda huku anageuka kunitazama. Hiyo inaniuma kuliko vidole.

Basi nikaanza kufikiria vidonge. Mara mlango wa chumba cha dripu ukafunguliwa. Jamani! Viti vinavyolala! Vina pa kuegemeza miguu! Mama mmoja anakoroma, mdomo wazi, hakuna mtoto wa kumvuta pua. Mimi sijalala mchana tangu Chiriku azaliwe.

Nikasema dripu. Muuguzi akauliza kwa nini. Nikasema naogopa kusahau vidonge. Uongo mtupu, lakini ulitoka vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia mume wangu daktari ndiye kaamuru dripu. Kanipa pole. Mama mkwe hakunipa pole. Kanikuta napanga mkoba, akauliza mgonjwa gani anakwenda kutundikiwa dripu na mto, shuka na soksi. Nikasema kule kuna baridi. Akasema "Mmh." Ile mmh yake ndefu, ya kupandisha nyusi. Lakini kakubali kubaki na Chiriku. Mungu ambariki. Na asiulize tena.

Alhamisi, 6 Machi

Kiti nimekipata! Cha dirishani! Soksi nimevaa. Muuguzi kaupata mshipa mara moja, mkono wake mwepesi, nikamshukuru mpaka akaona haya. Nikafumba macho.

Kiti cha jirani kakaa Mzee Redio. Ndivyo wanavyomwita, na hazimiki. Akaniamsha kuniuliza kama nimelala. Akasimulia goti la kulia. Akasimulia goti la kushoto, ambalo ni zima, ila linamwonea wivu mwenzake kwa kuhudumiwa. Akasema binti yake alitaka atumie vidonge, yeye kakataa: nyumbani hana wa kuongea naye. Hapo hasira zikaniisha. Nikamwomba anirudie habari za goti la kulia.

Alipochoka nikafumba tena. Mlango! Mama mkwe na Chiriku, mtoto makamasi matupu, analia mama, mama. Akanipakatisha, akasema kajaribu kila njia, mtoto anamtaka mama mwenyewe. Kisha akakigusa kiti kingine kilichokuwa kitupu, kama anayepima godoro dukani. Akakaa. Akaegemeza miguu. Akaomba mto wangu.

Alikoroma mpaka dripu ikaisha.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo naandika kwa sababu kubwa. Asubuhi nimemfunga Chiriku vifungo! Vyote! Kimoja kimeingia tundu lisilo lake, gauni likapinda, lakini Chiriku alitembea kama bibi harusi. Nimelia. Mume wangu kalia akasingizia vumbi. Mama mkwe aliliona tundu lililorukwa na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakurekebisha kitu. Asante Mungu. Asante dripu.

Kliniki nikamwambia muuguzi ukweli wote wa kile kiti. Akasema alijua tangu mwanzo, mtu anayehofia kusahau vidonge hakodolei kiti macho namna ile. Akasema usingizi nao ni sababu, ningesema tu. Tena, akasema, hata nyumbani kuomba nafasi ya kulala hakukatazwi. Kumbe ile sindano ya nyumbani ni dawa ileile ya dripu! Daktari kaafiki nibadilishe, Chiriku asinililie tena kila mwezi. Nimefundishwa kujichoma pajani. Nikamwahidi muuguzi: uongo basi. Kuanzia leo nitasema ninachotaka.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimejichoma mwenyewe! Sebuleni, kwenye kochi, mbele ya watu. Haikuuma kama nilivyopiga kelele. Aliyetaka kuzimia ni mume wangu.

Nikatangaza, kwa sauti ya kigonjwa, kwamba baada ya sindano mtu lazima alale, pazia limefungwa, asisemeshwe, wala asiguse vyombo. Maagizo ya kliniki. Mama mkwe akasema "Mmh." Vyombo alikuwa keshaosha. Alikuwa keshambeba Chiriku mgongoni. Nilipoingia chumbani nikakuta pazia la zambarau limeshafungwa, na mto wangu uko kitandani, umepigwapigwa ukavimba. Akanisemesha kwa nje: "Lala mwanangu. Hata siku isiyo na sindano, we lala tu."

Kaamini kila neno! Maskini, ana moyo mzuri mno mama huyu, kushuku hajui. Jumamosi ijayo nitaongeza na kufua.