Pedali Kwenye Beseni

Jumatatu, 9 Juni 2025
Aibu! Mazoezi ya taarabu leo, nimekanyaga pedali ya gitaa langu ili sauti ivutike vizuri, ikatoka ngrrrrr. Bi Mwanamkuu, kiongozi wetu, akauliza nani kaleta mashine ya kusaga. Majidi, mpiga gitaa mwenzangu, akacheka hadi akakaa chini. Bi Mwanamkuu akasema wazi: ngurumo isipokwisha, kwenye harusi ya Jumamosi hapa Gongoni solo atapiga Majidi. Majidi! Mtu anayepiga gitaa ulimi nje!

Jumanne, 10 Juni
Nimekwenda kwa Abbasi, fundi redio. Nikasema pedali ni ya rafiki yangu. Akaitikisa, akaisikiliza, akasema haina athi, niiache aifungue. Niiache? Na Majidi anashinda kwenye kibaraza kile kile? Nikaichukua, huyo! Jibu si ninalo? Athi ni ardhi. Ufundi uko wapi hapo?

Jumatano, 11 Juni
Sakafu yetu ni ya saruji. Ndiyo maana! Nikaiweka uani, kwenye udongo. Bado inanguruma. Halafu nikakumbuka: fundi aliyetuwekea umeme alichimbia chuma cha athi, akamwagia maji ya chumvi. Akili hizi! Beseni, udongo, maji, chumvi yote ya jikoni. Nikaizika pedali hadi shingoni, kitufe tu nje. Nikakanyaga. Kimya! Ngurumo hakuna! Mke wangu Najiat akasema hata gitaa halisikiki. Hasira za chumvi tu hizo.

Jumamosi, 14 Juni
Sijui nianzie wapi. Nimefika harusini na beseni kichwani, nimelifunika kanga ya Najiat ili Majidi asione. Beseni, kanga, harusini! Kina mama wakanipokea kwa vigelegele, beseni likaingizwa kwa bibi harusi pamoja na zawadi. Nikakimbilia mlangoni. Wanaume hawaingii! Mara ukelele. Shangazi mtu kafunua: tope, chumvi, na kitu cha chuma kimezikwa katikati. Akaniuliza nani kanituma. Nikasema ni athi tu. Akasikia athari. Ikawa balaa.

Bi Mwanamkuu akawaapia watu kwamba mimi si mchawi, ni mjinga tu. Nilimshukuru. Nikaketishwa nyuma ya masufuria ya pilau, Majidi akapiga solo, ulimi nje, akatunzwa hadi noti zikaanguka chini. Roho iliniuma mno. Na alipiga vizuri, mshenzi yule.

Jumatatu, 16 Juni
Jana Najiat aliipeleka pedali kwa Abbasi, leo kairudisha. Kaiosha, kaikausha. Eti waya mmoja wa ndani ndio unaoitwa athi, ulikuwa umeachia, kauchomea kwa risasi, basi. Inaimba! Maskini Abbasi, hajui kitu. Ni chumvi ile, ilichelewa tu kuingia. Kosa langu lilikuwa moja: kanga.

Spika kubwa ya Bi Mwanamkuu imeanza kukoroma. Nimemwambia asijali. Najiat kaficha chumvi, lakini jirani anayo. Nimeshaazima pipa, na safari hii nitalifunika kwa gunia.