Vita vya Simu ya Zambarau

Njooni, enyi mliokaa na mliosimama! Mwenye chungu jikoni apunguze moto, mwenye ugomvi auahirishe, mwenye usingizi ajifinye. Habari ninayoileta si ya wafalme waliobomoa kuta wala ya majemadari waliovuka mito kwa farasi. Hao wamekwisha kupata wa kuwasifu, na wengine wamesifiwa kupita kiasi. Hii ni habari ya kinyozi mmoja, mume wa mke mmoja, aliyekwenda vitani akiwa na koti lake jeupe la kazini, nywele za watu zimemjaa mabegani.

Bwana Haloo, ndivyo alivyoitwa na wateja wake, nao walikuwa na sababu. Wanaume wengine hukusanya marafiki, wengine hukusanya visingizio; yeye alikusanya simu za mezani za zamani, zile nzito za kuzungusha namba kwa kidole. Tena hakutaka simu za rangi yoyote tu, bali zile ambazo watu wenye akili zao walizikataa dukani zilipokuwa mpya. Katika rafu ya sebuleni kwake walijipanga askari hao: nyekundu ya pilipili, njano ya kiini cha yai, kijani kibichi, rangi ya chungwa, ya waridi iliyopauka shavu moja kwa kukaa juani, na buluu mbili zilizofanana kama pacha. Hakuna hata moja iliyokuwa na waya. Hazikuita, hazikulalamika, hazikusema kwamba kisogoni pamebaki, na kwa hilo alizipenda kuliko wateja.

Mwisho kabisa wa rafu, kama mlinzi wa geti, ilikaa simu nyeusi. Hiyo hakuitafuta yeye. Ilitoka kwa marehemu baba mkwe, naye Bwana Haloo aliitazama kwa jicho la pembeni, kwa kuwa walikuwa na kesi ya zamani. Enzi za uchumba alikuwa akipiga simu nyumbani kwa binti, na kila mara kilichopokea kilikuwa kikohozi kizito cha baba, kikifuatwa na swali moja: "Nani?" Hapo shujaa wetu, ambaye hakuogopa wembe wala kichwa chenye mapunye, alikata simu na kutimua mbio kana kwamba mzee angetokea kwenye tundu za kusikilizia.

Ilipofika siku ambayo rafu ilijaa, mkewe, Malkia wa Sebule, alitoa amri. "Baba nanihii, sikiliza. Ikiingia moja, inatoka moja. Sitaki nije kuhamia jikoni kwa ajili ya simu zisizoita."

Akainama, akakubali. Lakini kati ya rangi zote ilimkosesha raha moja tu, nayo ni zambarau. Aliisikia ikitajwa, hakupata kuiona.

Basi ikawa, mchana mmoja, kifungo cha koti kilikatika, naye akaenda kwa mama fundi wa nguo, jirani wa mtaa wa pili. Alipovuka kizingiti, alisahau kifungo. Pale juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na futi, imeketi juu ya kitambaa kama sultani juu ya zulia, palikuwa na simu ya zambarau.

"Ewe mama fundi!" akanena, mkono kifuani. "Ewe bingwa wa mkasi, mpatanishi wa vipande vilivyofarakana! Nijuze, kiumbe huyu ametoka nchi gani, na je, anaye bwana wake?"

"Hiyo simu?" fundi akasema, pini zimo mdomoni. "Nabania kitambaa kisiteleze nikikata."

"Nipe mimi, na jina lako litadumu!"

"Jina litabania satini? Niletee kitu kizito, tubadilishane. Ila kaka, itoe kwanza hapo mlangoni uione vizuri. Kwangu rangi haichaguliwi ndani. Hata wa sare za shule namtoa nje na kitambaa chake, akione juani, ndipo aniambie anataka."

Hiyo ndiyo sheria ya mafundi wote, na ilikuwako kabla ya sheria nyingine nyingi. Tena dirisha zima la duka lilikuwa limezibwa na jora la kitambaa chekundu, jua linapenya humo, hata meno ya fundi yalikuwa mekundu. Lakini ng'ambo ya barabara, mlangoni pa studio yake, alisimama mpiga picha, hasimu wa Bwana Haloo, mwenye simu chache na uroho mwingi. Kuitoa simu ile nje kungekuwa kumpigia adui tarumbeta.

"Jicho langu, mama," shujaa akajibu, "ni jua tosha."

"Haya," fundi akasema. "Mimi nimesema."

Bwana Haloo akaenda nyumbani mbio. Mkewe alikuwa ametoka. Alisimama mbele ya rafu kama jemadari anayechagua wa kumtoa kafara, na mkono wake, bila kusita, ukaiendea nyeusi. Nyeusi si rangi ya kujivunia. Kila ofisi iliwahi kuwa nayo. Na kile kikohozi je? "Miaka yote nimekuwa nikikata mimi na kukimbia," akaiambia. "Leo unaondoka wewe." Nami msimulizi natamani ningekuwapo nimshike shati.

Fundi aliipima mkononi, akatabasamu. "Hii ndiyo simu. Ile ilikuwa nyepesi, inasogea."

Shujaa alirudi nyumbani na ngawira yake imefungwa gazetini. Akaiweka kwenye rafu, karibu na dirisha, akalivua gazeti polepole, kwa adabu, na jua likaingia.

Ilikuwa buluu. Ilikuwa buluu ileile ya wale pacha, na sasa walikuwa watatu. Akaigeuza, akailainisha kwa mate, akaisugua kwa kiwiko, akalilaumu dirisha, akamlaumu aliyetengeneza jua. Mlinzi wa Rangi Adimu alikuwa ameula wa chuya.

Akiwa bado anasugua, mkewe akaingia. Hakuitazama hata ile buluu. Alitazama mwisho wa rafu.

"Ya baba iko wapi?"

"Ewe malkia, katika mwendo wa vita hutokea kwamba..."

"Nimekuuliza, simu ya baba iko wapi?"

Akamwambia. Mkewe akakaa taratibu kwenye kiti, na mkoba bado uko begani.

"Unajua jioni nilikuwa nakaa wapi?" akasema. "Chini, sakafuni, kando ya ile simu. Nategea iite, niiwahi kabla ya baba. Sikumuwahi hata mara moja. Namsikia anasema, 'Amekata tena yule.' Basi, naenda kulala nimefurahi."

"Kwani ulijua ni mimi?"

"Nani mwingine anakimbia kikohozi?"

Akainuka, akaenda jikoni. Bwana Haloo alingoja sufuria zibamizwe, maana sufuria zikibamizwa kuna matumaini. Hazikubamizwa. Hapo aliogopa kwelikweli, akajua kwamba ametoa nyumbani kitu kimoja tu ambacho kiliwahi kungojewa.

Akaikwapua buluu, akatoka mbio, koti likipepea nyuma kama bendera ya jeshi lililoshindwa. Alimkuta fundi amezama katika satini ya gauni la harusi, nusu imekatwa, nusu bado, na katikati ya bahari ile nyeupe imekaa simu nyeusi.

"Mama, nirudishie! Chukua yako, na dhambi zangu zote!"

"Sasa hivi siwezi, kaka. Nikiinua, satini inakimbia, na gauni la bibi harusi linakuwa la mdogo wake. Njoo kesho."

"Kesho, mama, nitakuwa mjane na mke wangu yu hai." Akaiweka buluu kwenye kiti cha dirishani, akavua koti. "Inua simu. Nitabania mimi."

Fundi alimtazama sana. "Nenda kanawe mikono. Hadi kwenye viwiko."

Ndipo yakatokea yale ambayo vitabu vikubwa vimeyasahau kwa uzembe wao. Kinyozi, mwenye duka lake na ubao wake wa jina, alijilaza juu ya meza kwa viganja na viwiko, akawa jiwe. Mkasi ulipita karibu na vidole vyake ukinguruma. Pua ilimwasha, hakuikuna. Mgongo ulilia, hakuusikiliza. Na wakati huohuo, kwa kuwa balaa haliji peke yake, mpiga picha akaingia kuulizia suruali yake.

"Haloo! Umebadilisha kazi?" Kisha macho yake yakaangukia kiti kilichokuwa dirishani, penye ile simu, chini ya wekundu wa jora. Sauti ikashuka. "Mama fundi... hii ya zambarau ni ya nani?"

"Yangu. Niletee kitu kizito, uichukue. Ila itoe kwanza mlangoni uione."

Mpiga picha alimtazama hasimu wake aliyelala mezani, akaogopa kutanguliwa. "Mama, mimi kazi yangu ni macho!" Akaenda mbio kutafuta kitu kizito. Bwana Haloo hakufungua kinywa. Wapo wanaosema ulikuwa ukimya wa hekima, na wapo wanaosema ilikuwa roho mbaya tupu. Mimi niko na hao wa pili, na simlaumu.

Jioni simu nyeusi ilirudi kwenye lindo lake. Mkewe alikuja, akaifuta chaki kwa ncha ya nguo yake. Kisha akaketi chini, sakafuni, kando ya rafu, akaikumbatia magotini.

Bwana Haloo alisimama bila kujua mikono aiweke wapi. Mwisho akauendea upande wa pili wa rafu, akaishika ile ya waridi, na kidole chake kikazungusha namba ya nyumba ambayo siku hizi wanakaa watu wengine. Alikuwa hajaisahau hata tarakimu moja. Gurudumu lilirudi likikwaruza, namba baada ya namba, hadi likanyamaza.

Mkewe akauinua mkono wa simu nyeusi. Akakohoa, kikohozi kizito cha kizee.

"Nani?"

Jasho likamtoka kama ujanani. Kidole chake, kwa mazoea, kilishuka hadi kwenye kitufe cha kukatia, kikagusa. Kikabaki hapo.

"Ni mimi, mzee," akasema. "Shikamoo. Namwomba binti yako."

Mkewe akauhamishia mkono wa simu sikio la pili.

"Marahaba," ikajibu simu nyeusi. "Ngoja nimwite. Alikuwa hapahapa anakungoja."

Basi na iandikwe mahali pa juu, enyi mliokaa na mliosimama, na watoto wafundishwe: siku ile, bila waya, kinyozi alipiga simu nyumbani kwa mkwewe, akaulizwa nani, na hakukata.