Sahani Mia Tatu za Chuo

Jumatatu, 3 Machi
Mvua mji wote wa Suva. Chuo kikuu kimepiga marufuku viboksi vya plastiki vya chakula. Bi Ashwini wa ofisi ya mazingira kaniletea sahani za chuma mia tatu, kama alivyopeleka kwenye kila jiko la chuo. Wanafunzi watakula, watarudisha, mimi nitaosha, na dunia itapona. Ndivyo alivyosema. Jumatatu ijayo anahesabu. Zikiwa chini ya mia mbili na themanini, viboksi vinarudi na sinki langu linafungwa. Sinki langu! Miaka ishirini na mbili nimesimama hapo. Wakuu wa chuo watano wamekuja wakaondoka, mimi nipo. Nikamwambia: binti yangu, shule sina, lakini sahani haijawahi kunikimbia.

Jumanne, 4 Machi
Zimenikimbia kumi na saba. Moja nimeikuta maktaba, mwenyewe kalala, shavu kwenye mchuzi. Vijana hawa wanasomea nini?

Jumatano, 5 Machi
Nina mpango. Ukichukua sahani, unaniachia ndala ya kushoto. Huna sahani, huna ndala. Mpaka saa nane zote za leo zimerudi, na kumi na nne za jana zikajitokeza zenyewe! Mhadhiri wa sheria akanisomea haki zake. Nikamwambia avue. Akavua.
Jioni kaja Bi Ashwini, mikono kichwani. Wageni wa chuo wamepokelewa na mhadhiri mwenye kiatu kimoja. "Bibi, nakuomba, viatu vya watu." Nimerudisha. Chuo hiki hakijui kitu kizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Taraivini kaja, yule mpishi wa jiko la ng'ambo ya uwanja. Watu wake na watu wangu ni watani tangu mababu, na mtani akichukua chako, unacheka.
"We kizee, bado hawajakuzika? Sahani zote hizi unamlisha nani, mizimu?"
Akabeba hamsini. Jumapili kanisani kwao kuna karamu. Nikamuuliza atarudisha lini. Akasema siku ya mazishi yangu, waombolezaji wakishakula. Nikacheka mpaka alipofunga mlango. Kisha nikakaa juu ya ndoo.
Bi Ashwini anauliza kwa nini sikusema hapana. Digrii tatu mtoto huyu! Nimnyime mtani, niuaibishe ukoo mzima?

Jumapili, 9 Machi
Nimekwenda karamuni kwao. Mtani hangoji kualikwa. Nimekula magimbi na nguruwe, nimeimba, kisha nikajitolea kuosha vyombo. Nani atamfukuza bibi anayeosha? Naosha moja, naitia kikapuni. Naosha nyingine, kikapuni. Kikapu kilipojaa nikaziingiza chini ya sulu, shuka langu la kiunoni, nikazikaza kwa mkanda. Nikawa natembea nalia kama kengele. Taraivini kasema magoti yangu yanataka mafuta. Nikamwambia yake yanataka mwenyewe mwingine. Teksi, nyumbani. Sahani za chuma zote sura moja, sikuhesabu.

Jumatatu, 10 Machi
Bi Ashwini kahesabu mara tatu. Mia tatu na thelathini na moja! Majiko yote ya chuo yamepungukiwa, langu limezaa. Kaniuliza imekuwaje. Nikamjibu sahani ikitunzwa huongezeka. Akaandika! Sinki langu halifungwi. Akanikumbatia huku analia, nikamgombeza kwa kunilowesha aproni, halafu nikampa bakuli la majani ya magimbi kwa tui. Mwembamba mno yule, mazingira hayamlishi.
Sahani thelathini na nne zina msalaba chini. Nimezifunika kwa taulo.

Jumatano, 12 Machi
Taraivini kaja, uso umemshuka, hata matusi hana. Sahani za kanisa lao zimepotea, pamoja na hamsini alizochukua kwangu. Mchungaji kahubiri wizi saa nzima, akina mama wamelia, na Jumapili kuna ubatizo, watoto sita. Nilisikitika kweli. Nikamwambia watu wa siku hizi hawana haya, wanaiba hata kwa Mungu! Nikampa za chuo sabini, nikamchagulia zinazong'aa. Akachangamka, akaniita mzoga unaotembea. Nimefurahi kumwona amerudi.
Bi Ashwini anahesabu tena Jumatatu asubuhi. Wasiwasi wa nini? Nimeshawaambia wa kanisani Jumapili nakuja kuosha.